Jiko la Mfano na Mbegu za Efraimu

Makambako, tarehe 24 Novemba 1951.

Kwako Mama Telesia, mjane wa marehemu Efraimu, uliyesimama katika baraza lililopita ukauliza swali. Na kwa kuwa Serikali haiwezi kumjibu mtu mmoja kabla haijawasalimu wengine wote, salamu zangu zimfikie pia Mheshimiwa Jumbe Gideoni, mwenyeji wetu na mwenye kiti hiki kimoja nilichokikalia. Waheshimiwa wazee wa baraza mliosimama. Mwinjilisti wetu na mwavuli wake. Makarani wa daraja la kwanza, wa daraja la pili na wale wanaongoja daraja. Dereva wa lori la Njombe aliyesimama kupoza injini, ambaye tunamhesabu kuwa mgeni mwalikwa. Akina mama wenye chungu motoni, na akina mama mlioacha moto umezimika ili mje kunisikiliza jinsi ya kuuwasha. Mimi naitwa Bwana Manase, Msaidizi Mwandamizi wa Afisa Msaidizi wa Mapishi Nafuu na Lishe ya Nyumbani. Kamwene!

(Watu: "Kamwene." Priska, jirani yake Telesia, kwa sauti ya kutosha: "Jina refu hivyo, anakula sahani ngapi?" Kicheko.)

Nashukuru kwa vicheko hivyo, ambavyo katika ripoti yangu vitaandikwa kama ushirikiano. Ndugu zangu, mtakumbuka kwamba mwaka huu baridi iliunguza viazi vyenu, na mahindi nayo yakatoa magunzi yenye meno machache kama ya mzee, nanyi mkaleta habari bomani kwamba chakula hakitafika mavuno. Serikali ilisikitika. Ilisikitika siku mbili mfululizo, asubuhi na mchana, ndani ya sabukomiti, na baada ya kupima mambo kitaalamu tukaona kwamba chakula ni kizito mno kupakia katika lori, barabara ni mbovu na milima ni mirefu. Lakini ushauri ni mwepesi, hauozi, hauliwi na panya, na mtu mmoja anaweza kuubeba kutoka Njombe hadi hapa bila hata kutoa jasho. Kwa hiyo nikatumwa mimi.

(Mzee mmoja: "Na lori lilikuja tupu?" Dereva: "Lilikuja na yeye kwenye kiti cha mbele.")

Skimu yetu inaitwa Programu ya Chungu Nafuu, na msingi wake ni sayansi. Mnapomenya viazi mnamenya kama watu wenye viazi. Acheni! Ganda lina vitamini. Kiazi chenyewe, kwa uchunguzi wetu, ni kama kifungashio cha ganda. Mfupa ukishachemshwa usitupwe, uchemshwe tena kesho yake na keshokutwa, na siku ya nne umwazime jirani. Ugali mzito unamaliza unga, ugali mwepesi unaitwa uji, na uji ukiongezwa maji unaitwa akiba. Badala ya mlo wa jioni, mlale mapema: mtu aliyelala, kwa mujibu wa takwimu, hali kabisa. Mimi mwenyewe nimejaribu mambo haya katika nyumba yangu, na naweza kushuhudia kwamba mpishi wangu amepungua sana.

(Kicheko kikubwa. Priska: "Na wewe je, Bwana? Mbona vifungo vya koti vinalia?" Jumbe Gideoni: "Mama Priska, mwacheni mgeni." Priska: "Jumbe, sijamshika.")

Vifungo hivi, mama, ni vya wajibu. Tuendelee. Mwezi wa Agosti nilifanya sevei ya majiko. Niliingia katika nyumba zenu moja baada ya nyingine, nikakohoa kwa ajili ya taifa, na humo ndani, juu ya kila moto, penye moshi mweusi, nikaona jambo lililonishtua kama mtaalamu: vibuyu! Vibuyu vimetundikwa darini, vimezibwa midomo kwa udongo, na ndani yake maharage makavu, safi, yasiyo na tundu hata moja. Ndugu zangu, watoto wanakunywa uji mwepesi, na juu ya vichwa vyao chakula kinalala bila kazi! Asilimia tisini na tatu ya nyumba zilikuwa na chakula kilicholala. Nikauliza katika kila nyumba: kwa nini hamli hiki? Nikajibiwa vilevile katika kila nyumba, kama mliofundishwa na mwalimu mmoja: "Hiyo mbegu, Bwana. Mbegu haipikwi."

(Wanawake, kwa pamoja: "Haipikwi!")

Mnaona? Hilo ndilo tatizo la elimu. Harage ni harage. Nimeliangalia harage la mbegu kwa miwani na bila miwani, nikalilinganisha na harage la kula, na sikuona mahali palipoandikwa kwamba hili lisubiri mvua. Ndipo nilipobuni, peke yangu, nikiwa katika beseni la kuogea, wazo kubwa kupita yote yaliyowahi kufika Makambako tangu barabara: Jiko la Mfano! Jiko la matofali, lenye bomba la moshi na dirisha la vioo, ambamo akina mama wangefundishwa kupika kwa gharama ndogo, na watoto wangepata bakuli la maharage kila mchana hadi mavuno. Serikali itatoa jiko, nikasema, wananchi watatoa maharage yaliyolala. Nanyi mkatoa! Sitasahau siku ile. Mlipanga foleni na vikapu vyenu, na mimi nikasimama pale na kupokea kwa mikono yangu, jambo ambalo si la cheo changu.

(Wanawake wanatazamana, na mmoja anaziba mdomo kwa kanga.)

Sasa nafika kwenye swali la Mama Telesia, ambalo limeninyima usingizi wa mchana. Mama, sogea mbele watu wakuone. Rudia swali lako, kwa ufupi, maana Serikali ina haraka.

(Telesia anasogea mbele. Amevaa nguo nyeusi ya matanga. Anasema polepole: "Shikamoo Bwana. Mimi sikuja kugombana. Mvua imeshanyesha mara mbili, shamba nimelilima. Naomba kile kibuyu changu. Mume wangu alizichagua mbegu zile akiwa mgonjwa. Alikuwa anakaa mlangoni na blanketi, ungo mapajani, anatoa zile nyekundu zenye doa jeupe, moja moja, anaziweka kando. Akichoka ananiambia, 'Mama, shika ungo, lakini usinichanganyie.' Ulipokuja ilikuwa wiki ya matanga. Kichwa changu hakikuwepo. Uliposema ni za watoto, nikanyoosha mkono nikashusha kibuyu. Sina nyingine. Nisipopanda wiki hii, mwakani sina cha kula wala cha kupanda. Ni hayo tu.")

Asante, mama, inatosha; maelezo yalikuwa marefu kuliko fomu inavyoruhusu, lakini yana manufaa. Wananchi, hebu mtazame jambo la ajabu: marehemu Efraimu, mkulima wa kawaida, hajui sayansi, amekaa mlangoni na blanketi, na bila kujua alikuwa tayari mwanachama wa kwanza wa Programu ya Chungu Nafuu! Alichambua! Alipanga daraja! Angekuwa hai leo ningempa cheti. Naomba tusimame dakika moja kumheshimu, isipokuwa mimi, kwa sababu ya mgongo.

(Watu wamekwisha kusimama tangu mwanzo. Mwinjilisti: "Bwana, jibu swali la mjane.")

Nalijibu, nalijibu. Ufuatiliaji wa kibuyu cha Mama Telesia umefanyika katika ngazi zote. Kibuyu, pamoja na vikapu vyenu vyote, kilisafiri salama hadi Njombe. Kililala stoo. Baadaye sabukomiti ikakutana kuzungumzia mahali pa kujenga jiko, na kwa kuwa mazungumzo hayawezi kufanyika kwa tumbo tupu, na kwa kuwa kamati ya maharage haiwezi kula kuku bila kuonekana inadharau maharage, tukapika kidogo kwa ajili ya majaribio. Hapo ndipo palipotokea tatizo la kiufundi. Vikapu vya akina mama wengine vilipofunguliwa, vilikuwa vimejaa wadudu. Kila harage lina tundu, kila tundu lina mwenyewe. Mnaweza kunieleza jambo hilo?

(Kicheko kinapasuka. Priska: "Ulitaka mbegu, tukakupa zilizolala. Zenye wapangaji wake!" Mwanamke mwingine: "Za kupanda tulizihamishia uvunguni, Bwana, kabla hujarudi kuchukua." Jumbe Gideoni anatazama viatu vyake.)

Nyamazeni! Kumbe! Kumbe ndiyo sababu! Basi mjue kwamba kati ya kijiji kizima, ni mama mmoja tu aliyeitii Serikali kwa moyo wote, naye ni Mama Telesia. Kikapu cha kila mtu kilimwagwa. Kibuyu chake kikapikwa. Tukajaribu katika mkutano wa kwanza, tukajaribu tena katika wa pili, na katika wa tatu hapakuwa na ajenda nyingine. Nami nasema hadharani, kwa heshima zote za ofisi: yalikuwa matamu. Yaliiva upesi, hayakumaliza kuni, ngozi laini, mchuzi mzito mwekundu wenyewe tu bila kitunguu wala mafuta. Bwana mmoja mgeni alifuta bakuli kwa kidole akauliza nani ameyaotesha. Nikamwambia ni matunda ya programu yangu. Kwa hiyo, mama, jibu la swali lako ni kwamba mbegu zako hazikupotea. Zimetumika. Zimo ndani ya maafisa.

(Hakuna anayecheka. Telesia: "Zote, Bwana?")

Zote, mama. Tulikuwa waangalifu sana tusibakize, kwa maana kubakiza chakula ni ubadhirifu.

(Telesia anakaa chini udongoni. Anasema, kama mtu anayezungumza na mtu wa nyumbani: "Basi ndiyo amekwisha." Priska anapita katikati ya watu, anachuchumaa mbele yake. "Telesia. Dada, nitazame. Mwaka juzi nilikula kwako, nikamwomba mumeo anipe zile za doa. Alinipa konzi moja, akanigombeza nisizichanganye na zangu. Nilizipanda peke yake, kule kona ya mto." Telesia: "Alinipa habari. Alisema Priska atazichanganya." Priska: "Alinionea. Sikuchanganya hata moja. Ziko uvunguni, kibaba na zaidi. Inuka twende kabla mvua haijaanza." Telesia: "Zina doa jeupe?" Priska: "Doa lake lilelile, kama tone la uji. Inuka, mama.")

Mmeona! Mmeona, wananchi! Hilo ndilo linaloitwa distribyusheni! Efraimu akampa Priska, Priska anamrudishia Telesia, bila karani, bila lori, bila muhuri. Na hayo yote yametendeka mbele yangu, katika mkutano wangu, chini ya uongozi wangu. Nitaandika leo hii kwamba ugawaji wa mbegu kwa wajane umeanza Makambako. Mama Priska, utapunguza kibaba kidogo kwa ajili ya sampuli ya ofisi. Mama Priska! Mama... mnakwenda wapi?

(Wanawake wanaondoka pamoja, Telesia katikati yao, wakizungumza juu ya majembe na nani aanze kulima kwa nani. Wanaume wanawafuata. Mwinjilisti anafungua mwavuli. Dereva anawasha injini.)

Kwa kuwa wananchi wengi sasa wanatoka kwenda kutekeleza hotuba yangu hata kabla haijaisha, nitaharakisha kufunga. Itikieni popote mlipo. Chungu nafuu! (Kimya.) Ganda ni vitamini! (Mbwa anabweka.) Akina mama, leteni sampuli! Akina mama... (Jumbe Gideoni, peke yake: "Zimepelekwa shambani, Bwana.")

Mwisho, shukrani. Namshukuru Jumbe kwa kiti. Nawashukuru mafundi wa Jiko la Mfano, ambao hawakuajiriwa, kwa kutodai mshahara. Naishukuru idara ya matofali kwa matofali yote ambayo hayakufyatuliwa na hivyo hayakuvunjika hata moja njiani. Naishukuru sabukomiti, iliyoamua kwa kauli moja, baada ya bakuli la mwisho, kwamba kwa kuwa maharage yamekwisha hakuna tena haja ya jiko la kuyapikia. Na kwamba kwa kweli haja hiyo haikuwepo tangu mwanzo, kwa maana hakuna mtu aliyewahi kulichora, kuliombea fedha wala kulitaja katika karatasi yoyote nje ya hotuba zangu. Ni fahari kubwa kuongoza mradi ambao hauna ufa, hauvuji, na hautazeeka kamwe.

(Lori linaondoka. Mvua inaanza. Jumbe anasimama na kuashiria kwamba anakihitaji kiti chake.)

Nasimama, Jumbe, nasimama. Nina ombi moja tu, na halina gharama. Watakapokuwa wanapanda, ukipita mashambani kwao, uwaambie kwamba mimi pia nilifika. Mnikumbuke.