Kilio Nilichokipanga Fort Lee

Jumatatu, 1 Machi 1915
Baridi. Binti yangu Cora anaota jino, mimi silali. Nyimbo zangu hazinunuliwi tena, watu wote wamekimbilia sinema. Basi nami nimewafuata! Bwana Tolliver, mwongozaji wa sinema hapa Fort Lee, kakubali tutunge filamu pamoja: mama anambembeleza mwanawe mgonjwa mpaka anakata roho. Kasema ukumbi ukilia, jina langu litaandikwa kwenye pazia la sinema chini ya lake. Usipolia, nirudi kwenye nyimbo zangu, nisimsumbue.

Hila yangu: mama atatikisa kitanda kwa mapigo ya wimbo wangu, na kwa kuwa filamu haina sauti, mpiga piano wa ukumbini ataupiga huohuo. Nani atajizuia?

Alhamisi, 4 Machi
Tumepiga picha. Mgonjwa ni Cora. Kila akifa, anacheka. Nikamwambia taratibu, lakini bila mzaha, afe kwanza ndipo anyonye. Akafa! Mweupe kwa poda, kimya. Nikashindwa, nikamnyakua kabla Tolliver hajasema basi. Tukarudia.

Lottie Pruitt, mwandishi wa maneno yanayosomwa kwenye pazia, kaniuliza kama binti yangu analipwa kwa maziwa. Nikamjibu si vibaya, wengine hapa wanalipwa kwa umbea.

Jumamosi, 27 Machi
Onyesho. Foleni mpaka barabarani! Nikafurahi. Mjinga mimi. Jumamosi foleni ikirefuka, mwenye ukumbi humwamuru mzungusha mashine ya filamu akaze mkono, picha ziende mbio, hawa watoke haraka, wale waingie.

Akakaza. Mama wa filamu akamtikisa Cora kama anapepeta ngano. Mpiga piano akakimbizana nao, wimbo wangu wa majonzi ukawa ngoma ya harusi. Cora akafa kama aliyepigwa rungu. Watu walicheka mpaka wakashikana mbavu. Mwanangu, jamani!

Lottie akaninong'oneza, “Hongera, mpenzi, si ulitaka machozi? Hayo yanawatoka.” Tolliver hakunitazama. Kasema tu Jumatatu nisijisumbue kuja.

Jumapili, 28 Machi
Mvua. Cora ana homa, haniachii shingo. Nimelia kidogo, mwendo wa kawaida.

Kisha nikafikiri. Kosa ni la piano, kukimbizana na mashine. Tuiondoe! Nimemwandikia Tolliver: filamu ya mwimbaji anayeimba mwanzo hadi mwisho, kinywa wazi, ukumbi kimya kabisa. Wimbo watausoma midomoni mwake.

Nimeshautunga. Beti kumi na tisa.