Harusi Nzima Ndani ya Diski Moja

Jumatatu, 3 Juni

Likizo imeanza na tayari nina vita. Dada Noela ameshaolewa, na Jumamosi hii ni kuvunja kamati. Wanakamati wote watakuja hapa kwetu Manzese kula pilau na kutazama harusi waliyoichangia. Video bado! Mwenyekiti, Mzee Ferdinand, kanunua deki ya diski za Blu-ray. Kasema flashi hataki. Anataka diski, na picha iwe kali mpaka aone jasho la mpiga tarumbeta.

Mjomba Polikarpo, mwenye studio, katupa mimi na Brightson, mtoto wa shangazi, picha zilezile za harusi. Kila mmoja atengeneze diski yake. Atakayechaguliwa na mwenyekiti atashika kamera ya pili ya studio likizo nzima. Atakayeshindwa ataenda Pugu kumsaidia Bibi kufuga broila.

Naitaka ile kamera kuliko kitu chochote. Mtu aliyeshika kamera haulizwi kwa nini yuko kimya.

Brightson hajasoma chochote. Ameniita Profesa mbele ya wateja. Tutaona!

Jumanne, 4 Juni

Nimesoma kutwa. Kumbe zamani kulikuwa na ugomvi mkubwa wa diski: Blu-ray na HD DVD. Blu-ray nyingi za mwanzo zilitumia MPEG-2, mgandamizo wa zamani (yaani namna ya kubana video), ambao hujaza diski upesi. HD DVD zikaanza na migandamizo mipya, inayobana zaidi bila kuharibu sura. Wajuzi wakazisifu. (Mwishoni Blu-ray ndiyo iliyoshinda, lakini kurasa hizo nilizipitia haraka.)

Brightson anatumia ule wa zamani. Diski mbili! Ati katikati ya harusi mtu ainuke, abadilishe. Nilicheka peke yangu studio mpaka mteja wa picha za pasipoti akaogopa.

Mimi natumia mpya. Send-off, kanisani, ukumbini, saa tisa zote, diski moja.

Nilimweleza Mama kwamba biti, zile chembe za data zinazounda picha, ni kama minofu ndani ya sufuria: picha inayotulia hula kidogo, inayochezacheza hula sana. Mama akaniuliza kama nimekula.

Jumatano, 5 Juni

Tatizo. Saa tisa hazienei. Lazima wengine wapunguziwe biti.

Nimegawa kwa haki. Bibi harusi: ashibe. Pete: ishibe. Keki: ishibe sana. Nimetafuta walafi, nikawapata kwenye foleni ya zawadi. Saa mbili nzima! Watu wanacheza na masufuria kichwani, vitenge vya maua madogomadogo, taa za ukumbi zinabadilika rangi kila sekunde. Wanakula biti kama nzige. Na nani atakaa kutazama watu wakipeleka masufuria? Nikawabana. Nikawabana tena.

Umeme ukakatika. Nikaanza upya. Brightson akachungulia, kavaa jezi, akauliza kama bado napika. Zake zimekwisha, anaenda mpirani. Mvivu!

Alhamisi, 6 Juni

NIMESHINDA.

Tulikwenda Sinza kwa Mzee Ferdinand kujaribu diski. Shikamoo yangu ilitoka kwa sauti ndogo, akadhani nimekohoa. Aliweka yangu kwanza, akatazama mwanzo wa kanisani tu: Noela anashuka garini, shela lake unaweza kuhesabu nyuzi. Akaweka ya Brightson. Kwa kweli zilifanana. Ila akauliza ile diski nyingine ya nini. Alipoambiwa ataibadilisha katikati, akatazama goti lake, akatazama deki, akachagua yangu.

Njiani Brightson akanipa hongera. Akauliza kama nimeitazama yote. Nikamwambia hesabu imeshaitazama.

Ijumaa, 7 Juni

Nimejaribu kushika kamera mbele ya kioo. Inanipendeza. Brightson nimemchorea ramani ya Pugu.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika nikiwa stoo. Sitoki.

Mwanzo ulikuwa mzuri ajabu. Pilau, soda, vigelegele. Noela kama malaika. Keki ilionekana mpaka punje za sukari. Mjomba akanipiga bega! Nikajiona na kamera yangu.

Halafu zikaja zawadi.

Watu wote wakasogeza viti mbele. Wote! Sikujua. Kumbe ndicho walichokuja kutazama. Mama Bupe akawahimiza wanawe wakae karibu, waone alivyocheza. Likatokea lundo la vigae vya rangi, likiyumba kushoto na kulia.

Shangazi Mauwa akauliza yule ni nani.

Mtu akajibu: "Si wewe hapo, na godoro?"

"Mimi? Mbona sina pua?"

Kisha akatokea Mama Bupe, naye vigae. Friji lao likapita kama ukuta unaobomoka. Mzee Nikodemu aliruka juu na jiko la gesi, akashuka vipandevipande. Kila aliyecheza kwa moyo, sura hana.

Aliyeonekana vizuri ni mmoja tu: Talha, jirani. Talha hakuchanga. Talha hakucheza. Talha alisimama ukutani saa mbili bila kusogea, anakula kuku, na akaonekana mpaka punje ya wali kwenye sharubu.

"Yaani aliyekula bure ndiye kapigwa picha!" Shangazi Mauwa akasema. "We Gervas, godoro langu nimelibeba kutoka Temeke, halafu unanifanya kigae?"

Talha akaomba irudishwe nyuma kidogo, hakujiona vizuri.

Nikajaribu kueleza habari ya vitenge na taa. Nilisema labda maneno manne. Brightson akatoa diski zake mbili mfukoni, akaweka moja kwenye deki. Shangazi Mauwa akaonekana na godoro, pua na yote. Walishangilia mpaka majirani wakaja. Diski ilipokwisha, Mzee Ferdinand aliinuka mwenyewe, goti na yote, akaweka ya pili. Nayo wakaishangilia!

Mjomba hakunigombeza. Alinikatia tu kipande kikubwa cha kuku, akamkabidhi Brightson kamera.

Jumatatu, 10 Juni

Pugu. Kuku wanapiga kelele. Bibi ananipenda, ananilisha mihogo. Shangazi Mauwa kapiga simu kuuliza kama pua yake imepatikana.

Alhamisi, 13 Juni

Habari njema! Bibi kawatangazia wenzake wa jumuiya kwamba mjukuu wake ni fundi wa video. Jumapili kuna kipaimara parokiani, na wazazi wameniomba nirekodi. Nimepewa simu nzuri ya katekista. Nikiifanya vizuri, Mjomba atasikia, ataniita mjini.

Nimeshakwenda kutazama mazoezi. Safari hii hakuna hatari yoyote. Hakuna anayecheza. Hakuna vitenge. Vijana themanini, wote mavazi meupe, mstari mmoja, kila mmoja anasogea mbele ya askofu, anapakwa mafuta, anaondoka. Wanafanana kabisa!

Kwa hiyo nitamrekodi wa kwanza, vizuri sana, biti zote. Waliobaki sabini na tisa ni marudio tu.