Walii Yuko Mtoni

Kwa Mheshimiwa Mzee Vuai,
Mwenyekiti, Umoja wa Kufaana wa Waswahili,
Guangzhou.

YAH: MUME WANGU KUHAMIA MTONI NA HUKU ANA BINTI WA KUOZESHA

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na goti limeanza kukuacha ulale. Mimi ni Mwanahija, mwenye duka la nywele bandia, mke wa Gharib wakala wa mizigo. Nakuandikia kwa sababu nikija kwa mdomo nitapiga kelele, na wewe ni mtu mzima, sipendi kukupigia kelele.

Shida yenyewe ni hii. Binti yetu Shamsia anaolewa Unguja mwezi wa Desemba. Kadi zimeshagawiwa na mapishi yameshapangiwa watu. Walii wake wa kumwozesha ni baba yake mzazi, naye anasema hawezi kwenda kwa sababu samaki wamefika mtoni.

Sijakosea kuandika. Niruhusu niyapange malalamiko kwa namba, maana wewe ulikuwa mwalimu.

1. Samaki mwenyewe. Anaitwa kichwachuma, na hata Wachina humwita hivyohivyo kwa lugha yao. Siku ya kwanza kulisikia jina hilo nilidhani anasemwa mume wangu. Aliyemletea balaa hili ni Rotich, Mkenya wa Kericho, anayenunua ndoana hapa na kuzipeleka kwao, ambako watu wa milimani huvua kwa nzi wa bandia, wa manyoya. Rotich anasema kichwachuma huzaliwa mtoni, huenda kukulia baharini, kisha baridi ikikaribia huanza safari ya kurudi palepale alipozaliwa, kwa ajili ya watoto. Habari hiyo niliipenda sana. Samaki hana pasipoti lakini anajua kwao. Gharib pasipoti anayo, na tiketi ninayo mimi kabatini.

Tena hao wa huku hawajapanda mto wowote. Kuna laobani, yaani tajiri mmoja wa Kichina, ana kijito chake huko Conghua, kinachoingia mto Liuxi. Baridi ikianza huwaleta kwa lori, ndani ya tangi, akawamwaga. Joto likirudi wanakufa. Ndiyo maana msimu ni mfupi, na ndiyo maana mwanangu hana walii.

2. Nzi. Jioni Gharib huvaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, akakaa kutengeneza nzi. Alianza na manyoya ya kuku, nikamsifu. Akaingia kwenye ufagio wa manyoya wa kufutia vumbi, nikanunua mwingine. Akaingia dukani, kwenye kifurushi cha nywele za mteja wa Mombasa, nikanyamaza kwa ajili ya ndoa. Lakini wiki iliyopita uzi wa dhahabu, ule nilioutafuta soko la vitambaa la Kangle mpaka miguu ikavimba, wa kutarizi nguo ya biharusi, nimeukuta umezungushwa kiunoni mwa nzi. Nilipomuuliza akasema, "Samaki anapenda kinachometa." Hata Shamsia anapenda, Mheshimiwa.

3. Kitoweo. Hapa naomba ukae chini. Kwetu, mume akitoka alfajiri kwenda kuvua, mke hukuna nazi. Nilikuna. Nikaponda na pilipili. Gharib akarudi amelowa mpaka kiunoni, anacheka peke yake. Nikamuuliza samaki yuko wapi, akanijibu, "Meiyo." Ni neno lilelile wanalotukatishia tamaa wauza jinzi wa Xintang ukiwaulizia saizi ya mtu mwenye mwili wake: hakuna. Nikampa pole, maana kukosa ni kwa mvuvi. Kumbe hakukosa! Akatoa simu. Samaki watatu wanono, kila mmoja kapakatwa kama mjukuu, na wote wamerudishwa majini. "Ndio mchezo ulivyo, mke wangu. Unamshika, unamshukuru, unamwacha aende zake." Lile tui tulilila na mkate.

Kiswahili kina neno la anayepata na neno la anayekosa. Anayepata akarudisha hana neno, au analo, lakini haliandikwi kwenye barua ya heshima.

4. Hili nimelifuta. Ni la ndani.

5. Dini. Jirani yetu wa ghorofa ya sita, bibi wa Kichina, mtu mwema sana, hununua samaki hai sokoni akaenda kuwaachia mtoni kwa ajili ya thawabu, kwa imani yake. Wenyewe huita fangsheng. Alipoziona picha za Gharib kwenye lifti alimshika mikono yote miwili, akanigeukia: "Mume wako, fangsheng! Moyo mzuri!" Siku hiyohiyo nilikwenda kwa Ustadh kumuuliza kama ndoa yangu bado ipo. Ustadh alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza yule samaki mkubwa alikuwa na uzito gani. Siku hizi naye Jumamosi haonekani.

6. Walii. Gharib anataka kumpa uwakala kaka yake wa Unguja. Najua sheria inaruhusu, lakini ruhusa hiyo nilidhani ni ya mgonjwa na mfungwa, si ya mtu aliyesimama majini kwa hiari yake. Nilipokataa akaja na shauri la pili: ataozesha kwa simu, akiwa hukohuko kijitoni, kwa kuwa mtandao unashika vizuri. Hebu fikiria. "Nimekuozesha binti yangu Shamsia, ngoja, ngoja, kashika!" Hapo kaozeshwa nani, Mheshimiwa?

Nilipomweleza Shamsia nilitaraji atacheka. Aliniuliza, "Kwani baba hanitaki?" Nililia, sifichi. Tulimwacha kwa bibi yake hajaanza hata shule, tukaja huku kumtafutia. Kama siku hiyo moja baba yake hayupo, tulikuwa tukimtafutia nini?

Kwa hiyo naomba Umoja ufanye haya. Umnyang'anye Gharib ule ufito wake wa kuvulia. Utangaze kwamba kuanzia sasa samaki akivuliwa aliwe, mbele ya mashahidi wawili. Na ikishindikana, Dullah, msafirishaji mwenzake, ana kontena linaloondoka bandari ya Nansha Jumatano, na kati ya vigae na masufuria kuna nafasi ya mtu mmoja mwembamba. Hati za mzigo atajijazia mwenyewe, ndiyo kazi yake.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako, wajukuu, na wote wanaokuja kunywa kahawa barazani kwako. Rotich nisimsalimie.

Mimi niliyechoka kwa heshima,
Mwanahija

Nyongeza: Kabla sijaileta barua hii nilikwenda Conghua Jumamosi nimkokote mwenyewe. Nilibeba sufuria, na nazi nimeshakuna. Gharib alitaka kusali Alasiri, akaniachia ufito niushike tu. Kwenye ndoana alikuwepo yule nzi wa uzi wa dhahabu. Kitu kikavuta. Rotich akapiga kelele, "Mama, usivute! Wacha akimbie kwanza! Pole pole, mathe, sasa!" Mheshimiwa, nilimshika. Alikuwa na mstari mwekundu ubavuni, na nilimsikia akihema mkononi mwangu. Sufuria ilikuwa miguuni pangu. Nikamwacha aende zake. Gharib alipotoa salamu alinikuta nimelowa, nacheka peke yangu.

Basi malalamiko yote yasubiri, isipokuwa la nne. Harusi tumeisogeza mpaka mwisho wa Machi, msimu utakuwa umekwisha, na walii atakwenda kwa miguu yake mwenyewe, kaapa. Ila kama Umoja unaweza kunipatia viatu virefu vya mpira, saizi ya kike, nitashukuru. Madukani meiyo.

Shamsia kakasirika, anasema na yeye anakuandikia. Ukiipata barua yake, tafadhali usiifungue kabla ya Aprili.