Shikamoo Niliyoifuata Kisiwani

Jumatatu, 10 Juni 2024

Nina miaka sabini na minane. Nimezika wake wawili, maksai kumi na mmoja, na wenyeviti wa kijiji sita ambao wote walisema mimi ni mbishi. Kijiji kizima cha Nambis kinaniamkia. Kasoro Hhando.

Hhando ni jirani, shamba kwa shamba. Kadi zetu za ubatizo zina mwaka mmoja, maana padri aliandika foleni nzima mwaka uleule. Yeye anasema alishaanza kuchunga mbuzi mimi nikiwa bado mgongoni kwa mama. Uongo. Aliyekuwa anachunga ni mimi. Kwa hiyo hanipi shikamoo, nami simpi. "Habari" ni ya watu walio sawa, hatuitaki. Mwaka wa thelathini na moja huu tunapishana njiani tukikohoa.

Sitaki kufa kabla hajaniamkia. Nimeandika.

Jumatano, 12 Juni

Mjukuu wangu Jenifa, mwalimu Unguja, kapiga simu. Shule zimefungwa, anataka nikaione bahari. Siku moja atanipeleka Changuu, kisiwa kidogo. Mnakwenda asubuhi kwa boti, jioni mmerudi. Katuma picha kwenye simu ya Kornelia, mke wa mwanangu.

Kobe. Mkubwa kuliko ndama. Mgongoni kaandikwa namba kwa rangi: 158. Jenifa anasema ndiyo miaka yake.

Chakula cha mchana sikukigusa. Kobe huyu alikuwepo babu yangu hajazaliwa.

Kornelia akasema siendi peke yangu, nitafute mwenzangu, wao wanavuna. Hapo mpango ukaja wenyewe. Mzee kama yule, nani atampita bila kumwamkia? Na kobe haitikii. Hhando akisema shikamoo, mimi nitakuwa nyuma yake, nitaitikia marahaba. Jenifa atarekodi. Kwisha.

Jumamosi, 15 Juni

Nimemtuma Kornelia kwa Hhando. Kwenda mwenyewe siwezi, ningelazimika kusalimia. Jibu limekuja: atakwenda, maana mtoto kama Margwe, yaani mimi, haachwi asafiri peke yake. Nimemeza.

Nimefanya mazoezi nyuma ya zizi. Marahaba. Marahaba. Kornelia akauliza namwitikia nani. Nikasema ng'ombe. Akasema basi ng'ombe kamshinda Hhando adabu.

Kwa mzee huendi mikono mitupu. Nimechagua kabichi, ile kubwa kuliko zote bustanini. Kornelia anasema Unguja kabichi zipo. Za Nambis hazipo.

Jumanne, 18 Juni

Stendi ya Mbulu, alfajiri. Hhando kaja na kabichi mbili. Nani kamwambia? Kornelia, aliyenisindikiza, anatazama milima.

Ndani ya basi tumekaa kiti kimoja mchana kutwa, kabichi magotini, bila neno. Kondakta akatuamkia pamoja: shikamooni wazee. Tukaitikia pamoja, kila mtu akitaka kumfunika mwenzake. Abiria wa mbele akaamka.

Alhamisi, 20 Juni

Nimeiona.

Niliwahi kusimama ukingoni juu ya bonde la Yaeda Chini nikadhani nimeona upana. Sikuwa nimeona. Maji yanakwenda mpaka yanashika mbingu, na hakuna anayeyazuia. Nilionja. Chumvi kweli. Nikamtazama Hhando, naye alikuwa ameingiza kidole mdomoni. Kofia kaivua, kaishika kifuani kama yuko kanisani. Nilikaribia kumsemesha. Nikakohoa.

Jenifa katupokea Unguja, nimemweleza kazi yake ya kesho: asimame pembeni na simu, asiizime. Akasema, "Babu, nyinyi wawili mna matatizo." Lakini kakubali.

Ijumaa, 21 Juni

Tumerudi kutoka Changuu.

Walituvika majaketi ya rangi ya chungwa. Injini ikanguruma. Chini yetu maji yalikuwa ya kijani, halafu ya bluu, na mchanga wa chini unaonekana kama sakafu iliyofagiliwa. Mbele, ardhi kidogo imekaa peke yake baharini na miti yake. Haijashikwa na kitu. Nilijiuliza nani aliiweka pale, na kwa nini haiondoki.

Tukapelekwa kwa kobe wazee. Wengi, wamelala kivulini. Nikasogea nyuma ya Hhando kama nilivyopanga. Jenifa akainua simu. Marahaba ilikuwa tayari mdomoni.

Hhando akasogea kando aweke kabichi zake chini. Ndipo mia hamsini na nane akainua kichwa. Shingo ile ni ya marehemu baba, mkunjo kwa mkunjo. Macho yana maji. Alinitazama kama mtu aliyeniona nikizaliwa, akanisahau, sasa anakumbuka. Nilijikuta nimeinama, kabichi mikononi.

Nikasema, "Shikamoo."

Kobe akauma kabichi.

Nyuma yangu sauti nene, haina haraka: "Marahaba, Margwe."

Jumatano, 26 Juni

Nimerudi. Video ilinitangulia. Kornelia kaionyesha kanisani, wengine wakaomba irudiwe. Asubuhi Hhando kapita uani kwangu. Hakukohoa. Kasema, "Hujambo, Margwe?" Kama unavyomwuliza mtoto. Kila siku atapita, najua.

Sijashindwa. Shikamoo ilikuwa ya kobe, na marahaba ya Hhando imeibwa. Na mzee yule, nikimwona tena, nitamwamkia tena. Kabichi yangu aliila yote. Za Hhando alizinusa tu, akageuka.

Nimemwuliza Jenifa kama kuna kisiwa kingine, chenye kobe mzee kuliko huyu. Amesema atatafuta, kwa sauti ya mtu asiyetafuta. Safari hiyo Hhando atatangulia mbele na mimi nitafumba macho nisimwone kobe mpaka kazi iishe. Leo nimesia mbegu za kabichi.

Haya yote Jenifa anayajua, alikuwepo. Kornelia anayajua kupita kiasi. Hhando asiulizwe. Anayebisha shikamoo ile ilikuwa ya nani, apande boti akamwulize kobe mwenyewe. Yupo palepale, na hana safari.