Wasia wa Afande Sulaimani

Kasimiro hakuwa mwizi. Mwizi huvunja mlango. Kasimiro alifunguliwa, akakaribishwa na kupewa kiti. Kufikia mwaka ule wa themanini na tisa alikuwa ameshawauzia watu wa Arua, mji ulio karibu na mpaka wa Zaire, visima visivyochimbwa, kazi katika kiwanda kisichojengwa, na mara moja, Mungu amsamehe, tiketi za kumwona padre ambaye siku zote alipokea watu bure. Kutokana na juhudi hizo za miaka alikuwa amebakiwa na mali moja tu: pikipiki nyekundu. Aliipangusa kila asubuhi kwa kitambaa ambacho hakukubali kifutie kitu kingine, hata uso wake.

Siku bahati ilipomjia alikuwa hotelini anakunywa chai ya mkopo. Kwenye meza ya jirani alikaa mama mmoja mnene, mwenye kitenge cha Zaire na sauti ya kuitia ng'ombe.

"Dada," mama huyo alimwuliza mwuza chai, "hapa Arua shule gani inapokea kitu ya mutu amekufa?"

"Nani amekufa?"

"Bado. Mujomba yangu, Afande Sulaimani, kule Kuluba. Yeye hana mutoto. Iko na sanduku ya chuma, alitoka nayo Zaire. Anasema akikufa, sanduku iende kwa shule. Sasa mimi natafuta shule mupaka miguu imevimba."

"Sanduku iko na nini ndani?"

"Mimi siulizi. Najua iko nzito. Wanaume wane wanabeba, wanapumuzika njiani."

Mtu wa Arua akisikia neno Zaire na neno nzito pamoja, hahitaji mtu wa kumfafanulia. Huona dhahabu. Kasimiro aliiona mpaka akasahau kumeza chai. Alielewa pia kwa nini yule mama hakuuliza. Upande ule, anayeulizia mali ya mgonjwa wakati mgonjwa bado anapumua hujitafutia makubwa, kwa sababu mgonjwa akifa, swali la kwanza la ukoo litakuwa: wewe uliyeulizia mali yake, ulitia nini katika uji wake?

Alisimama, akavuta shati, akainamisha kichwa kama mtu anayeingia kanisani.

"Mama yangu," alisema kwa Kiswahili cha redio, anachokitumia akiwa kazini, "usitafute tena. Mbele yako amesimama Mkurugenzi wa Shule ya Nuru. Tuna wanafunzi mia tatu, wengi wao yatima, wote wenye kiu ya elimu."

Mama akamtazama kuanzia viatu mpaka nywele, kisha akaitazama pikipiki nje.

"Hiyo pikipiki iko yako?"

"Ni yangu, mama."

"Basi Mungu amesikia," alisema. "Mimi naitwa Poni. Kesho uje."

Kesho yake Kasimiro alipita Koboko kuelekea Kuluba kwa mwendo wa mtu anayewahi mazishi, ambayo ndiyo yaliyokuwa tumaini lake. Alimkuta Afande Sulaimani amelala kwenye kitanda cha kamba uani, amefunikwa blanketi la jeshi juani, anakohoa kikohozi kirefu cha kuridhisha kabisa. Mguu mmoja ulikuwa umetoka nje ya blanketi, umewekwa juu ya sanduku la chuma.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba. Wewe iko mutu ya shule? Shule yako iko wapi?"

"Arua, Afande. Wanafunzi mia tatu. Karatasi zote ninazo hapa, na mihuri."

Mzee akainua mkono kuzikataa. "Kijana, sikia. Mimi katika jeshi nilikuwa stoo. Ofisa anakuja na karatasi: iko askari mia, leta viatu mia. Mimi nasema, Afande, karatasi haivai kiatu. Leta miguu. Miguu ikisimama hapa, viatu vinatoka. Miaka yangu yote hakuna mutu alichukua kiatu ya mutu hayuko."

"Ni uadilifu mkubwa, Afande."

"Sasa shule iko vile vile. Karatasi sitaki. Leta miguu." Akakohoa, akaonyesha ng'ambo ya njia, kwenye jengo lililoachwa na vita likiwa na kuta nne na anga. "Tangu tumetoka Zaire watoto ya hapa wanakaa bure. Weka shule pale. Nataka nikufe nikisikia wanasoma."

Akamtuma Poni awaite imamu na katekista. Mbele yao wote wawili, kwa sauti ya mtu anayehesabu pumzi, alitamka wasia wake: siku atakayokufa, sanduku hili pamoja na vyote vilivyomo litakuwa mali ya shule ile pale, na mkononi mwa mkuu wake. Imamu akasema wamesikia. Katekista akasema amina. Kasimiro akatoa chozi moja, na kusema kweli halikuwa la kuigiza.

Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Mwenye kikohozi kile asingemaliza wiki mbili. Aende akatafute watoto wachache, awaketishe, mzee afe kwa amani, yeye abebe sanduku. Alinunua peremende, akakusanya watoto kumi na wawili. Asubuhi iliyofuata walikuja sitini, na wazazi wao nyuma wamebeba mafiga ya kukalia.

"Miguu naona," alisema Afande kitandani. "Mwalimu iko wapi?"

"Mimi mwenyewe, Afande."

"Wewe mkuu. Mkuu hafundishi, mkuu anapiga kelele. Leta mwalimu."

Kasimiro akarudi Arua kumtafuta mwalimu mwenye njaa. Akampata Eyotaru, binti mwenye cheti halisi na ulimi mkali, akamwahidi mshahara utakaolipwa "mambo yakikamilika." Eyotaru alidai watoto wagawanywe madarasa mawili, na la pili mkuu mwenyewe alifundishe hesabu. Kasimiro akafundisha. Lazima tumpe haki yake, alifundisha vizuri sana. "Umenunua mbuzi ambaye hayupo," aliwaambia watoto, "umemwuza kwa watu watatu. Faida yako ni nini, na unatakiwa kukimbia saa ngapi?"

Kisha mvua ikanyesha. Watoto wakalowa, na mafiga pia. Afande akaita kutoka chini ya blanketi, sauti imepungua vibaya.

"Mkuu... bati."

"Afande?"

"Naenda. Naona giza. Lakini nitaenda namna gani, na shule yangu haina bati?"

Poni akajifunika kitenge usoni, akaanza kulia. Kasimiro akautazama ule uso uliolegea, akaitazama pikipiki. Alitembea kuizunguka mara nyingi. Aliipangusa. Mwishowe aliipeleka Koboko kwa mfanyabiashara mmoja, akarudi juu ya lori lililojaa mabati, mbao na misumari, amefumba macho asiwaone watu wanaompungia mkono. Tajiri, alijiambia, hununua pikipiki tano.

Siku paa lilipokamilika, Afande Sulaimani aliamka. Hakuamka kwa kujikongoja. Alivaa kaptura iliyopigwa pasi na soksi ndefu, akavuka njia kwa hatua za gwaride, akayagonga mabati kwa fimbo, akawapanga watoto mistari mitatu na kuwageuza kulia mpaka vumbi likapanda. Hakukohoa hata mara moja.

"Afande," alisema Kasimiro, na kile Kiswahili cha redio kikampotea, "wewe... wewe iko muzima!"

"Bati imeniponya. Dawa ya ajabu."

"Na sanduku?"

Swali lilikuwa limeshatoka. Afande akavuka njia kurudi uani kwake, watu wote nyuma yake, akakaa juu ya sanduku lake, akapandisha soksi.

"Wasia ilisema nini?"

"Ilisema ukikufa."

"Sawa kabisa," alisema mtu wa stoo. "Leta maiti."

Waliocheka kwanza ni watu waliosimama mlangoni mwa ua. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Yakani, mfanyabiashara wa mahindi aliyehamia Kuluba miaka miwili nyuma, akaweka paa la msikiti kwa gharama yake mwenyewe, kitendo ambacho Kasimiro alikuwa amekishangaa kwa siri.

"Karibu, Mkuu," alisema Yakani, anafuta machozi. "Mimi wasia yangu ilisema msikiti. Yule mwenye duka pale, wasia yake ilikuwa daraja ya mto. Wakati ya daraja Afande alikuwa mgonjwa sana, mupaka tulichimba kaburi."

Mjini wanasema mtu kaingizwa mjini. Kasimiro alikuwa wa kwanza kuingizwa mjini akiwa kijijini. Damu ikampanda. Alimwondoa mzee juu ya sanduku, akashika kufuli, na kufuli likafunguka lenyewe kwa sababu halikuwahi kufungwa. Nani angeligusa?

Ndani mlikuwa na viatu vya jeshi. Vipya, vyeusi, vimepakwa mafuta mwezi ule ule, vimelazwa safu juu ya safu. Akatoa kimoja, akatoa kingine, akachimba mpaka chini.

"Ni vya kushoto," alisema taratibu. "Vyote ni vya mguu wa kushoto."

"Vya kulia vilikuwa sanduku ya pili," alisema Afande. "Sabini na tisa serikali ilianguka, jeshi tulikimbia, nilipata watu ya kubeba moja tu. Nilibeba hii mupaka Zaire, nikarudisha. Hakuna mutu alileta miguu."

"Ulisema dhahabu!"

"Mimi? Mimi nilisema sanduku. Dhahabu nani alisema?"

"Watu!"

"Basi dai watu."

Kasimiro akachukua ngazi, akavuka nayo mpaka shuleni. Alisema kwa sauti, asikie kila aliyepo, kwamba mabati ni yake, kila moja ni kipande cha pikipiki yake, na atayateremsha yote leo. Akapanda. Alikuwa ameng'oa msumari mmoja aliposikia makofi chini. Watoto walikuwa wamejaa kwenye ngazi, wanamnyooshea misumari mikononi.

"Mkuu amepata pahali panavuja!" aliita mmoja. "Mkuu, chukua hii, iko mzuri!"

Mama mmoja alikuja na kuku amefungwa miguu, akamweka chini ya ngazi, akapiga magoti. "Mwalimu, asante. Mutoto yangu jana amesoma jina yake."

Kasimiro alibaki juu, nyundo mkononi. Aliona aibu, na hilo halikumshangaza, maana aibu alikuwa ameisikia zamani. Kilichomtisha ni furaha. Mjini walikuwa wamemwita majina mengi, mengine mbele ya polisi, lakini hakuna aliyewahi kumwita mwalimu na kumletea kuku bila yeye kudanganya neno. Akamtukana Afande kwa moyo wote, kisha akaurudisha ule msumari mahali pake, akaongeza na mingine miwili.

Jumanne iliyofuata Poni alivaa kitenge chake kizuri, akaenda Arua kunywa chai.

Alhamisi, Kasimiro alikuwa barazani anawasahihishia watoto hesabu za mbuzi, pikipiki iliposimama mbele ya shule. Ilikuwa ya buluu, mpya, inang'aa. Aliyeshuka alikuwa kijana mwenye koti jeupe la daktari lililomzidi mabega, na tabasamu ambalo Kasimiro alilijua vizuri, kwa sababu aliwahi kulifanyia mazoezi kwenye kioo.

"Habari ya kazi, mheshimiwa," alisema kijana. "Jina langu ni Dakta Santo. Ninatoka katika hospitali ya hisani inayopokea mali za marehemu. Nimeelezwa kuna mzee mmoja hapa, mgonjwa..."

Ng'ambo ya njia, Afande Sulaimani, ambaye dakika ile alikuwa anapasua kuni, alitupa shoka, akajirusha kitandani na kuvuta blanketi. Kikohozi kikaanza, kirefu, cha kuridhisha kabisa.

Neno moja tu la Kasimiro lingemwokoa kijana. Aliitazama pikipiki, ukubwa wa tangi, upya wa matairi. Akalitazama jengo la zahanati nyuma ya msikiti, kuta nne na anga, ambako juzi Eyotaru alikuwa amempeleka mtoto mwenye homa na kurudi naye vile vile.

Akavua kofia. Akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa.

"Wahi, Dakta," alisema, kwa Kiswahili kizuri kabisa cha redio. "Sidhani kama ataiona Ijumaa. Pikipiki yako iache kwangu, nitaipangusa."