Ndoo Moja ya Maganda Mazima

Jumatatu, 3 Julai 2017

Baridi ya Turffontein, huku kusini, leo haina adabu. Nimefagia uwanja wa shabaha tangu saa moja asubuhi, vidole vimekufa ganzi. Maganda ya risasi kila mahali. Wanachama hupiga Jumapili, mimi na Gaston hufagia Jumatatu.

Lakini habari kubwa! Mzee Fourie, mwenye klabu, ametuita ofisini. Macho yake yamechoka. Hawezi tena kuchambua maganda wanayorudishiwa wanachama wenye kibali cha kujaza risasi zao upya. Anamtaka mmoja wetu achukue kazi hiyo. Kazi ya kukaa kwenye kiti. Chumba chenye hita! Jumamosi kila mmoja alete ndoo ya maganda ya bastola ya milimita tisa, mazima tu.

Gaston ni Mkongo wa Bukavu. Mpole, mwanakwaya, mwendo wa konokono. Nimeshashinda.

Nimemwambia mke wangu Zubeda kwamba nimepandishwa cheo. Akauliza: nimepandishwa au nitapandishwa? Watu wa Tanga kwa maswali!

Jumanne, 4 Julai

Nimejaza ndoo kwa robo saa. Gaston, saa nzima, kikombe hakijajaa. Anapitisha sumaku kwanza, ya chuma, yasiyojazika upya, yanaruka, anayatenga. Kisha anapapasa kila ganda karibu na kitako, anatafuta uvimbe. Anachungulia mdomo. Halafu anatikisa machache kiganjani na kuyasikiliza!

Nikamuuliza kama yanamsalimia.

"Lenye ufa halilii sawa, ndugu," akasema. "Iko sauti ya chungu cha kupasuka."

Haya. Mimi nina mpango bora. Mzee haoni vizuri. Asiyeona vizuri huona kinachong'aa. Nyumbani Tanga, mama aling'arisha masinia ya shaba kwa ukwaju. Nimepitia Fordsburg kununua ukwaju. Maganda nimeyaloweka kwenye sufuria kubwa ya Zubeda, ile ya pilau. Yeye yuko kwa shoga yake. Hatajua.

Jumatano, 5 Julai

Amejua.

Na maganda yamegeuka rangi ya waridi. Yote! Kama pipi. Zubeda anasema sufuria iliyolala na risasi hairudi jikoni kwake, na mimi nifikirie nitakula wapi.

Nikampelekea Gaston ganda moja, kwa siri, kumsikia tu. Akaligeuza, akatikisa kichwa. Akasema shaba imeliwa na tindikali ya ukwaju, ganda limedhoofika, nisimpe mtu. Wivu. Hata hivyo nimeyatupa, maana waridi hata Mzee Fourie ataiona.

Alhamisi, 6 Julai

Muda hautoshi kuanza upya, moja moja kama Gaston. Lakini nimegundua kitu. Nyuma ya benchi la Gaston kuna ndoo ya buluu. Imefunikwa kitambaa. Nimeinua pembe: maganda, pomoni! Kumbe konokono alikuwa akifika.

Mtu hafuniki kitambaa kitu kisicho na thamani.

Ijumaa, 7 Julai

Gaston alipokwenda kula, nilimimina ya ndoo yake kwenye yangu. Yake nikaijaza maganda ya kufagia, nikarudisha kitambaa vizuri. Sikuiba. Maganda ni ya klabu, ndoo yake ipo palepale. Nimehamisha tu.

Nimenunua shati jipya la kuvaa nikikaa karibu na hita.

Jumamosi, 8 Julai

Niandike upesi, ipite.

Mzee Fourie akamwaga ndoo yangu mezani, chini ya taa. Akachukua kioo cha kukuzia. Ganda la kwanza lina ufa. La pili limevimba kitakoni. La tatu la chuma. La nne si hata la milimita tisa, ni la aina nyingine, fupi zaidi, limejificha humo kama mgeni asiyealikwa harusini. Akaendelea. Eish, akasema, miaka thelathini hajaona ndoo kama hii: hamna zima hata moja. Akauliza kama nimeyachagua hivyo makusudi.

Nikajibu ndiyo. Nilidhani ananisifu.

Hapo akakunja mkono wa shati. Kovu, kutoka kidole gumba hadi kifundo. Akasema ganda moja bovu lilipita mikononi mwa mtu mwenye haraka, bastola ikamlipukia yeye mkononi. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Gaston akatoa sanduku la viatu chini ya benchi. Maganda yake yalikuwa humo! Ile ndoo ya buluu ilikuwa ya mabovu, aliyatenga ayaponde kwa koleo leo, yasichanganyike. Akayatazama ya mezani. Akayatambua, nilimwona. Akanitazama. Kwa Mzee hakunishtaki.

Nje ndipo akasema: "Ndugu Mwadini, ungeniuliza tu, ningekuonesha. Mtu angepoteza vidole hapa."

Nilitaka kumwambia nisamehe. Nikasema baridi imezidi mwaka huu.

Chumba amepewa Gaston.

Jumapili, 9 Julai

Nimemweleza Zubeda yote. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka, akasema niende nikamwombe radhi yule Mkongo, na niende kwa miguu.

Kabla sijavaa viatu, ujumbe wa Gaston ukaingia. Kesho nikimaliza kufagia nipite chumbani kwake nijipashe moto, atanifundisha kusikiliza maganda. Mtu mwema kweli. Machozi yalinilenga.

Nimekaa mchana kutwa na kikombe cha chai nikijichunguza bila kujionea huruma. Mwanamume lazima akubali kosa lake. Langu nimeliona, na sitalirudia: nilichukua ndoo nikaacha sanduku. Safari nyingine nachukua vyote viwili.