Safari ya Kupotea

Basi la watalii liliposimama mbele ya makumbusho, Dira hakuangalia kamera zao wala viatu vyao. Aliangalia nyuso. Watu ishirini walishuka wamenuna, wakajipanga mstari nyuma ya kiongozi mwenye mwavuli mwekundu na filimbi shingoni.

"Picha, dakika saba! Choo, dakika tatu! Duka la zawadi, dakika arobaini!"

"Nimesafiri kote huko," akanung'unika bwana mmoja mnene, "kuja kuangalia kisogo cha huyu?"

Dira, aliyekuwa ameegemea ukuta akingoja riziki impitie, akasikia. Na hilo jina la Dira, msidhani alipewa kwa kujua njia. Alipewa kwa kumuuzia mtu dira isiyo na mshale, akimhakikishia kwamba hiyo ndiyo nzuri, haina ubishi.

"Pole, mzee," akamsogelea. "Mji huuoni kwa filimbi. Mji unauona ukipotea."

"Nitapoteaje, na yule anatuhesabu kila kona?"

"Mimi nitakupoteza. Bei ya kirafiki."

Basi ndivyo ilivyozaliwa Safari ya Kupotea. Masharti yalikuwa machache na ya haki kabisa: simu zizimwe, ramani marufuku, na malipo kabla ya kuondoka, kwani mtu akishapotea unampatia wapi?

Kila asubuhi saa nne, Dira aliwapoteza wateja wake kwenye vichochoro vilevile. Kwenye kona ya kinyozi alisimama, akakuna kichwa na kusema, "Mama yangu! Hapa sasa sipajui." Kinyozi, aliyemnyoa tangu hajaota meno, alipewa soda moja kwa siku ili amtazame kama mgeni. Wakageuka kushoto, wakageuka tena kushoto, na kwa bahati tupu wakagonga mlango wa kijani. Mwanamke akafungua akiwa na sindano mdomoni.

"Jamani, mmepotea? Karibuni ndani, karibuni chai!"

Wateja walilia, wallahi. Walimkumbatia. Wakasema huu ndio ukarimu ambao watu wa basi hawatauona maisha yao yote.

Yule mwanamke alikuwa shangazi yake Dira, mshona mapazia, aliyemlea tangu mdogo. Kila asubuhi alisukuma cherehani ukutani, akaacha mapazia ya watu yamekunjwa nusu, akapanga vikombe. Hakulipwa hata senti. Alifanya kwa ajili ya picha moja iliyokuwa kwenye kalenda ya jikoni: maporomoko ya maji, meupe, yakianguka kutoka juu sana. Hakuwahi kuvuka mto wa mji wao, na alitamani kuyaona mpaka usingizini.

"Lini, mwanangu?"

"Wiki ijayo, shangazi. Mimi mwenyewe nitakupeleka, nikuonyeshe kila kitu."

Maneno hayalipiwi kodi, na Dira alikuwa nayo ghala zima.

Siku moja kati ya wapotevu wanane alikuwamo mama mmoja mkavu, mwenye miwani, mkaguzi mstaafu wa tiketi za treni. Miaka thelathini alikuwa akitazama watu machoni huku wakimwambia tiketi imepeperuka dirishani. Alipoingia sebuleni hakulia. Alihesabu vikombe. Vilikuwa tisa, vimeshatiwa sukari.

"Ngoja nikusaidie jikoni, dada," akamwambia shangazi.

Huko jikoni, nyuma ya mlango, Dira alikuwa ametundika mkoba wa mapato kwenye msumari, kama kawaida yake, maana aliyepotea hapendezi na mkoba uliotuna. Mkaguzi akautazama mkoba. Kisha akatazama kalenda.

"Pazuri. Umewahi kufika?"

"Wiki ijayo napelekwa. Na mtoto wa kaka yangu." Shangazi akajiziba mdomo, lakini macho yake yalikwenda yenyewe sebuleni, kwa Dira.

"Dada, kalenda hii ni ya mwaka juzi."

Shangazi akakaa kwenye ndoo. "Najua," akasema. "Nimechoka kumkaribisha kama simjui. Inaniuma."

"Nami nimetoroka basi la filimbi nikaingia kwenye basi lisilo na magurudumu. Treni ya saa tano na nusu inapita huko. Twende."

"Na nani atatuongoza?"

"Wa nini?"

Sebuleni Dira alikuwa akipepea uso kwa kofia, akiapa kwamba nyumba hii hajapata kuiona. Chai haikuja. Akaenda jikoni kwa madaha. Birika la baridi, msumari mtupu, mlango wa nyuma wazi. Kwenye kalenda picha ilikuwa imechanwa, na pale ilipokuwa pameandikwa kwa chaki ya fundi: *Wiki ijayo imefika.*

"Shangazi!" Dira akapiga yowe. "Shangaziii!"



"Shangazi?" wakauliza wapotevu saba kwa pamoja, wakisimama.

Dira alitoka kwa mlango wa nyuma kama mshale, ule uliokosekana kwenye ile dira. Kulia, kulia, chini, juu, wapotevu nyuma yake wakidai chao. Ila kwa miaka miwili alikuwa amepita njia moja tu. Baada ya kona ya nne hakujua kabisa alipo, na kwa mara ya kwanza Safari ya Kupotea ikatimiza ahadi yake.

Alipoona mwavuli mwekundu kwa mbali, almanusura aubusu. Akajichomeka katikati ya mstari, akainamisha kichwa.

"Kumi na tisa, ishirini, ishirini na moja," akahesabu kiongozi. "Haya, mstari! Duka la zawadi, dakika arobaini!"

Dira akaingia dukani kama walivyoingia wenzake. Alikuwa ameshika kikombe chenye picha ya makumbusho simu ilipolia.

"Shangazi! Uko wapi?"

"Sijui!" Shangazi alikuwa akicheka, kicheko ambacho Dira hakuwahi kukisikia nyumbani. "Tumeshuka kituo kisicho chetu, mwanangu, tumepotea kabisa! Tumebisha mlango wa watu hata hatuwajui, wametukaribisha chai."

"Na mkoba wangu?"

"Tumetaka kuwalipa," akasema shangazi. "Wamekataa!"